Kiti cha Karibu na Mlango

Fidla alipoleta tiketi mbili nyumbani, mama yake alikuwa amekaa kibarazani ameloweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Alikuwa dobi wa hospitali, kutwa kucha na mashuka, na jioni miguu yake ilimvimba mpaka ikawa kama ameazima ya mtu mwingine. Binti naye hakuzaliwa akiitwa Fidla. Ni mtaa uliompa jina hilo tangu alipoanza kupita na kile kisanduku cheusi cha fidla, ala yake ya nyuzi, mgongoni, na mama yake akajikuta anaitwa Mama Fidla hata na wauza mkaa. Baba peke yake ndiye aliyebaki na jina lake la kazini, Mzee Unga, kwa kuwa alikuwa mtu wa kinu cha nafaka, akirudi nyumbani mweupe kuanzia kope hadi vidole vya miguu.

"Jumapili hii, alasiri," Fidla alisema. Alizishika zile tiketi kwa ncha za vidole kama picha ambazo hazijakauka. "Ukumbi mkubwa. Kuna mahali okestra yote inanyamaza, napiga mimi tu."

"Wewe peke yako?" mama aliuliza. "Wale watu wazima wote wanakusikiliza wewe?"

"Peke yangu. Na mkuu wa chuo cha muziki atakuwepo. Akiridhika, wananichukua."

Mzee Unga alikuwa bombani anatoa unga masikioni. Alikuja na taulo shingoni, akaichukua tiketi moja, akaigeuza huku na huku. "Karatasi nene hivi," alisema. "Hii mtu anaweza kuwekea kioo."

Fidla alicheka, kisha akajikaza. "Ila kuna mambo yake. Watu wanavaa vizuri, rangi za giza giza. Si lazima suti, lakini mtu asionekane kama alikuwa anapita tu njiani akaingia. Simu zinazimwa. Ukishakaa hunyanyuki. Na muziki ukisimama katikati msipige makofi, maana unakuwa bado. Mpaka kondakta ashushe mikono na kugeuka."

"Kondakta?" Mzee Unga alishangaa. "Huyo naye kafuata nini huko? Si tiketi zimeshakatwa mlangoni?"

"Ndiye anayewaongoza wapigaji, baba."

"Haya. Na asipogeuka, tunalala humo humo?"

Wote watatu wakacheka, mama mpaka maji ya beseni yakamwagika. Fidla alisubiri kicheko kiishe. Alitazama chini. "Na watu hawakohoi," alimalizia.

Kana kwamba kimeitwa, kifua cha Mzee Unga kikaamka. Hakikuwa kikohozi cha kusafisha koo. Kilitoka chini kabisa, mahali ulipojilaza unga wa miaka yote, kikapanda kwa mafungu, kikamwinamisha mpaka akashika nguzo ya baraza. Mkewe alikizoea kiasi kwamba asipokisikia usiku ndipo aliposhtuka. Kilipomwachia, alijifuta mdomo kwa ncha ya taulo, akairudisha tiketi mkononi mwa binti yake kwa uangalifu, isipate unyevu.

"Hata kupiga chafya hairuhusiwi?" aliuliza.

Safari hii hakuna aliyecheka.


Kesho yake asubuhi Fidla alimfuata mama yake kwenye kamba ya nguo nyuma ya nyumba. Alimsaidia kukamua shuka, kila mmoja akishika ncha yake, wakasokota mpaka maji yakaisha, wakaendelea kusokota.

"Sema," mama alisema. "Shuka limeshakauka hili."

"Mama, si ungekuja wewe na shangazi?"

Mama Fidla alilitandaza shuka kambani, akaanza kulinyoosha mikunjo.

"Usinielewe vibaya. Ile sehemu yangu ni nyembamba kama uzi. Juzi kwenye mazoezi kuna mtu alikohoa mara moja tu, kondakta akasimamisha kila kitu akamkodolea macho mpaka akatoka. Na baba hakohoi mara moja. Baba akianza..."

"Namjua anavyoanza. Nalala naye."

"Nimesubiri siku hii, mama."

"Na yeye je? Unadhani karatasi ile aliiangalia hivyo kwa nini?" Mama alishusha sauti. "Basi mwambie mwenyewe. Wewe ndiye mwenye tiketi."

"Siwezi." Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Mwambie wewe. Wewe unajua kumwambia mambo."

Ni kweli alijua. Ndiye aliyemwambia mumewe mama yake mzazi alipofariki, ndiye aliyemwambia kuwa daktari amesema aache kinu, akajibiwa daktari aje basi yeye kulisha nyumba. Lakini hili alilibeba kutwa nzima kazini, akalipitisha kwenye mashine na mashuka, na jioni akarudi nalo vile vile, halijasemeka.

Alimkuta Mzee Unga chumbani, ameketi wima kwenye kigoda, mikono magotini, macho yamekazia ukuta. Shavu moja lilikuwa limevimba kwa kipande cha tangawizi. Kitandani palikuwa na koti refu jeusi lenye vifungo vya kung'aa.

"Unafanya nini?"

Alimwashiria kwa kidole anyamaze. Alikaa hivyo kitambo, uso ukaanza kubadilika, mishipa ya shingo ikasimama, mwishowe kikohozi kikamtoka na tangawizi juu.

"Leo nimekwenda mbali kuliko jana," alisema alipopata pumzi.

Mkewe alikaa kitandani, pembeni ya koti. "Hili umelitoa wapi?"

"Kwa jirani."

"Jirani yupi? Yule wa gari la maiti?"

"Sasa nani mwingine mtaani mwenye koti jeusi? Kaniambia nisiwe na wasiwasi, tangu alivae hakuna abiria aliyewahi kulilalamikia."

Mama Fidla alitaka kucheka ikashindikana. Alifungua kinywa aanze, lakini mumewe akamtangulia.

"Usihangaike. Nilimsikia binti asubuhi. Ukuta wetu ule ni pazia lililopakwa chokaa." Alisema polepole, bila hasira, akiokota tangawizi sakafuni. "Hajakosea. Hata mimi kikohozi hiki nisingekialika. Lakini nimefikiri hivi: nikae kiti cha karibu na mlango. Nikiona kinakuja, natoka zangu. Nikiweza kumwona tu akisimama pale na gauni lake, mengine ni nyongeza. Mwambie hivyo. Sitamwaibisha."

Mama Fidla alimfikishia binti ujumbe. Fidla alisikiliza akiwa ameinama juu ya fidla yake, akizungusha ule msumari wa kukazia nyuzi, akasema, "Sawa." Kisha akalia, na hakutaka kubembelezwa.


Mbele ya ukumbi palikuwa na ngazi pana, na kwenye ngazi watu waliovaa kama wanaokwenda kupigwa picha. Wanawake walikuwa na magauni yanayofagia chini, wanaume shingo zimekabwa na tai. Wote walizungumza kwa sauti ya chini ingawa muziki ulikuwa haujaanza. Mama Fidla alivaa gauni lake la bluu iliyokoza, la harusi ya mdogo wake, ambalo tangu harusi ile alikuwa ameshalipita kwa unene. Alitembea amevuta tumbo.

Kijana wa mlangoni mwenye glavu nyeupe alimpa tabasamu. Alipomwona mumewe, vile vifungo vya kung'aa vikamvuta macho.

"Madereva wanasubiri upande wa nyuma, mzee. Kuna viti na maji."

"Ahsante," alisema Mzee Unga, akatoa tiketi yake.

Kijana aliiangalia, akaiangalia tena, akaomba radhi mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na kila radhi ilimfanya mtu mwingine kwenye foleni ageuke. Walipoketi, Mzee Unga pembeni kabisa kando ya njia, karibu na mlango, mkewe upande wa ndani, mzee alimnong'oneza, "Umesikia? Kuna viti na maji."

Muziki ulianza. Mama Fidla hakujua ausikilize vipi, hivyo aliangalia mikono ya wapigaji inavyopanda na kushuka kwa pamoja, akafurahi. Ulipokatika, viganja vyake vikakutana vyenyewe. Kofi moja, peke yake, likalia ukumbi mzima. Mwanamke wa kiti cha mbele aligeuza nusu shingo, si kwa ubaya, akarudisha. Mama Fidla aliikalia mikono yake. Mumewe alimgusa goti: kondakta hajageuka.

Yeye alikuwa anavumilia. Alipitisha kipande cha tangawizi kutoka shavu hili hadi lile, akameza mate, akafunga macho, akayafungua. Muziki ulipopanda na ngoma kubwa zikaingia, alitumia nafasi ile, akakohoa kwa haraka ndani ya leso, na hakuna aliyesikia. Akamkonyeza mkewe. Kwa dakika chache alionekana kama mtoto aliyegundua mlango wa siri.

Kisha Fidla akaja mbele. Gauni jeusi lilimfika miguuni, shingo imenyooka, na mama yake alimwona kwa mara ya kwanza kama watu wengine wanavyomwona, msichana mrefu asiyejulikana ametoka wapi. Mzee Unga alisogea ukingoni mwa kiti. Okestra ilipiga, Fidla akapiga nao, sauti ikapungua, vyombo vikaachia kimoja kimoja, na palipobaki kimya kabisa akainua upinde wa fidla tena.

Hapo ndipo kifua kikaanza. Mkewe alikiona kabla hakijasikika: bega lilitikisika, kisha jingine. Mzee Unga alikandamiza leso mdomoni. Aliinama haraka, akavua viatu vyake kwa kuwa vilikuwa vinalia kama vifaranga, akasimama, akatembea kuelekea mlangoni kwa soksi, viatu mkononi, koti la kuazima likimpigapiga magotini. Safu nzima iligeuka. Mtu akapuliza pumzi ya kukerwa. Mwingine akasema, "Katikati ya muziki!" kwa sauti iliyosikika mbali kuliko soksi zile.

Fidla aliona. Mama yake alimwona akiona, macho yakiufuata mgongo ule mpaka mlango ukafungwa bila kishindo. Upinde haukutetereka. Sauti ilitoka nyembamba, tulivu, kama mtu anayemwambia siri aliyelala, ikakaa juu ya vichwa vyote vile, na hakuna aliyepumua. Mama Fidla alisikiliza kwa sikio moja. Jingine lilikuwa nje ya mlango.


Baadaye watu walikusanyika kwenye ukumbi mdogo wenye juisi na vitafunwa vya kushikwa kwa vidole viwili. Mkuu wa chuo alikuwa mama mrefu mwenye nywele fupi nyeupe na shanga za lulu. Alimshika Fidla mikono yote miwili.

"Binti, umetufanya tusahau tulikokaa," alisema. "Na utulivu wako! Yule mtu alipotoka na viatu mkononi, mimi mwenyewe nilipoteza mwelekeo. Wewe hata kope hukupepesa. Watu wanahitaji kufundishwa kwamba hapa si stendi."

"Ahsante, mwalimu," Fidla alisema. "Huyu ni mama yangu."

"Hongera sana, mama. Na baba? Hakuweza kuja?"

Mama Fidla alimtazama binti yake. Fidla alikuwa anatazama nyuma ya bega la mkuu, ambako Mzee Unga alikuwa anakuja kutoka upande wa vyoo, uso umelowa maji, viatu vimerudi miguuni, vikilia.

"Baba yuko kazini," Fidla alisema.

Ilikuwa Jumapili. Kinu hakikuwahi kusaga Jumapili.

Mzee Unga alikuwa ameshafika karibu kiasi cha kusikia. Mkuu wa chuo alimgeukia, akalitambua koti. "Kumbe ndiye huyu!"

"Samahani kwa usumbufu, bibi," alisema. "Ni kifua tu. Nimekuja kumchukua binti."

"Aa, dereva." Sauti ya mkuu ililainika, akamtabasamia kwa wema wa kweli, wema ule ule wa kijana wa mlangoni. "Pole, mzee. Ungetuambia tu, tungekupa nafasi nzuri ya kusubiri."

Palikuwa na nafasi hapo, ndogo, ya kusema neno moja. Mama Fidla aliiona ikipita mbele yake na hakulisema. Alijiambia kuwa neno hilo ni la binti kulisema. Fidla akashusha kisanduku begani, akamkabidhi baba yake. Mzee Unga akakipokea kwa mikono miwili.

Nje alitembea hatua chache nyuma yao, wakashuka ngazi hivyo, wakavuka uwanja wa magari hivyo. Karibu na lango Fidla alisimama akanyoosha mkono apokee kisanduku.

"Acha," Mzee Unga alisema. "Bado wanatuona."


Nyumbani alikula kama kawaida, akauliza kama binti ameridhika na alivyopiga. Fidla alisema ameridhika. "Basi," alisema, akaenda kulala. Asubuhi alirudisha koti, akaenda kinuni. Hakununa, na hilo ndilo lililokuwa gumu, kwa kuwa mtu aliyenuna anaweza kubembelezwa.

Fidla aliacha kula sawasawa. Alimfuata mama yake kwenye kamba ya nguo, akasimama bila kushika kitu.

"Unaniona mbaya."

"Nakuona," mama alisema. "Na mimi nilikuwa nimesimama pale pale na mdomo wangu. Sina jiwe la kukurushia."

"Sikupanga kusema vile. Lilinitoka tu."

"Linalokutoka tu ndilo linalouma, mwanangu. Lingekuwa la kupanga, baba yako angesema umeshauriwa vibaya na watu."

Katikati ya wiki simu ikapigwa kutoka chuoni. Wamemchukua. Aje na mzazi kutia sahihi. Mama Fidla alipiga kigelegele mpaka majirani wakatoka, na dereva wa gari la maiti akapiga honi yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mzee Unga alishikana mikono na kila mtu, akikohoa na kucheka kwa zamu, akawaambia watu, "Mmeona? Nilisema mimi."

Watu walipotawanyika alikaa kibarazani anafuta viatu. Fidla akaja akachuchumaa mbele yake.

"Baba, twende wote kesho. Wewe ndiye utie sahihi."

"Mama yako ataenda. Wanamfahamu."

"Nataka wewe."

Mzee Unga alipuliza vumbi kwenye kiatu. Hakuinua sauti wala uso. Aliuliza kama fundi anavyouliza kipimo kabla hajakata ubao.

"Niende kama nani?"

Mama Fidla alikuwa mlangoni na sufuria mkononi. Fidla aliweka paji la uso wake kwenye goti la baba yake, juu ya suruali yenye unga, akakaa hapo muda mrefu. Baba yake hakumsukuma wala hakumpapasa. Baadaye alisema, "Utanichafua viatu na machozi. Haya, tutaenda."


Chuo kilikuwa na korido ndefu iliyong'arishwa, milango pande zote mbili, na nyuma ya kila mlango mtu anarudia jambo lile lile kwenye chombo chake. Ukutani palibandikwa kibao cha kuomba kimya. Mama Fidla alikuwa amebadilishana zamu ili aje. Mzee Unga alivaa shati lake la kazini, limefuliwa na kunyooshwa, na kwenye mishono ya kola unga ulikuwa bado umo, maana ule hautoki, hata kwa dobi.

Karani alichungulia juu ya miwani. "Binti, karibu. Mama, karibu." Akasita. "Na mzee?"

Fidla alifungua kinywa, lakini mlango wa ndani ukafunguka na mkuu wa chuo akatoka na kalamu mkononi, uso umekunjuka. "Aha, mmefika! Na dereva wetu pia. Kifua hakijambo?"

"Si dereva," Fidla alisema.

Alisema kwa sauti kubwa, kubwa mno kwa mahali pale. Piano iliyokuwa ikilia jirani ikasimama. Mlango mmoja ukafunguka, kisha mwingine, na vichwa vikatokeza.

"Ni baba yangu. Anafanya kazi kinuni, ndiko kifua kilikoharibikia. Alitoka Jumapili ili mimi nisikike, na mimi nikakuambia yuko kazini. Nilikudanganya, mwalimu. Nilimwonea aibu."

Mkuu wa chuo alisimama na kalamu yake. Aibu ilimpanda kutoka kwenye lulu hadi masikioni. Alimtazama Mzee Unga. Mwishowe akahamisha kalamu mkono wa kushoto, akanyoosha wa kulia.

"Mzee," alisema. "Karibu ndani. Tafadhali."

Mzee Unga aliufuta mkono wake kwenye suruali kwanza, ndipo akaupokea. Kisha akamwinamia binti yake, ambaye alikuwa bado amesimama katikati ya korido, na watu wote wale wanamwangalia.

"Punguza sauti, mwanangu," alimwambia. "Watu wako kazini."

"Ni baba yangu," Fidla alirudia, kwa sauti ile ile kubwa.